Eko haimchomi mtoto, dada
Pole kwa wasiwasi, dada. Umeuliza kama kichanga aliyesikika sauti isiyo ya kawaida moyoni lazima aingizwe mrija kwenye mshipa ndipo ijulikane kama moyo wake una tundu. Hapana. Kinachoanza ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Anapakwa jeli kifuani, kifaa kinateleza juu ya ngozi, na mawimbi ya sauti yanachora kuta, vali na mishipa mikubwa. Hakuna sindano wala mionzi. Mnyonyeshe kabla, maana akilia na kurukaruka picha haitulii.

Utaona rangi kwenye skrini: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu inayokwenda mbali nacho. Wengi hudhani ni damu safi na chafu, sivyo. Tundu kati ya vyumba vya chini huonekana kama mchirizi wa rangi unaopenya ukutani pasipostahili.

Kile kidude cha mwanga cha kupima oksijeni, kwenye mkono wa kulia na mguu, nacho hakiumi. Ila kikisoma vizuri, asilimia 95 au zaidi, usiruke eko: tundu peke yake mara nyingi halishushi oksijeni.

Ule mrija wa kwenye mshipa hutumika kwa kasoro tata za moyo au matibabu yenyewe.

Akigeuka bluu mdomoni, akihema haraka au akitoka jasho anaponyonya, usisubiri tarehe ya miadi. Mpeleke hospitali leo hii.