Ukitaka Beetle ya zamani Mombasa nunua bodi, injini baadaye

Kwa nyinyi mnaoanza, hasa mlioona Volkswagen Beetle mahali imefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mtu huko Tudor ama Changamwe na sasa hamlali mwafikiria hiyo gari tu, nisikizeni kidogo kabla hamjatoa pesa.

Swali la "injini yawaka?" liacheni liwe la mwisho. Najua ndilo kila mtu analoanza nalo, na muuzaji naye anajua, kwa hivo ataiwasha na kuipiga resi mpaka majirani watoke nje. Sasa injini ya Beetle ni kitu kidogo bwana, silinda nne, yapozwa kwa hewa, haina rejeta, boliti nne ndizo zinazoishika kwa giaboksi, ukiwa na jeki nzuri na mtu wa kukusaidia mwaishusha asubuhi na mchana mnakula wali. Ikifa itatengenezwa. Lakini bodi ikishaoza, na hii hewa yetu ya chumvi, hapo ndo pesa zako zitakwenda zote na bado fundi atakuitisha za gesi ya kuchomelea. Na usidhani utaagiza nyengine safi kutoka nje, Kenya gari iliyotumika ikipita miaka minane haikubaliwi kuingia, kwa hivo zilizoko ni hizi hizi tunazozungushiana sisi kwa sisi.

(Akikwambia hizi ndizo zilizoshinda Safari Rally ni kweli, 1954, na 1962 tena. Ila hiyo yake haikuwemo, kwa hivo bei ishuke.)

Sasa nenda na sumaku ndogo, ile ya kubandika kwa friji yatosha, ifunge kwa kitambaa chembamba usikwaruze rangi ya mtu, uipitishe polepole chini ya milango, pembeni mwa taa, na juu ya magurudumu. Ikishika ni bati, ikiteleza ikaanguka ujue hapo ni fila, ile pasta ya kuzibia bodi, kuna tundu limezibwa likapigwa rangi. Halafu kuna yale maboksi mawili marefu ya bati yanayopita chini ya milango pande zote mbili. Kazi yake moja ni kupeleka hewa ya moto ndani wakati wa baridi, sasa fundi wa hapa atakwambia hita ya nini Mombasa, tupige bati juu tumalize. Usikubali. Yale maboksi ndiyo yanayoipa bodi nguvu, yakioza gari inapinda katikati. Njia ya kujua, fungua mlango nusu uunyanyue kwa mkono, kama wacheza, angalia kama ni bawaba zimechoka tu ama ni ile nguzo yenyewe yatikisika. Kisha omba kupiga jeki pale mahali pake pa ubavuni. Gari ikinyanyuka, sawa. Ukisikia bati lalia kwa ndani na gurudumu bado liko chini, mshukuru mzee wa watu, kunywa maji yake uende zako.

Inua na kiti cha nyuma. Betri iko pale upande wa kulia, asidi ikimwagika miaka na miaka sakafu inaliwa mpaka waona lami. Na ukiwa umeinua hivo angalia nambari ya chesisi, imegongwa katikati juu ya ile tanuli, ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu, ilinganishe na logbuku herufi kwa herufi, sio kwa kukisia.

Ukishanunua, adui yako ni chumvi. Watu wengi huosha gari kila siku na bado yaoza, wanashangaa, kumbe maji wanayooshea ni ya kisima, na visima vingi vya hapa kisiwani ni chumvi tupu, umekosha vumbi ukapaka chumvi. Osha na hayo ya kisima ukitaka, sikatai, maji ya mkokoteni ni pesa, lakini mwisho weka mtungi mmoja wa maji tamu wa kusuuza, na uanzie CHINI, ndani ya madungu ya magurudumu, yale mabati yanayoyafunika kwa juu, chini ya milango, huko ndiko kwenye kazi, juu kunang'aa kwenyewe. Ukivuka feri ya Likoni gari ikakanyaga yale maji ya bahari pale pa kushukia, suuza siku hiyo hiyo usingoje Jumapili. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango yazibue kwa waya kabla ya masika, yakiziba mlango unajaa kama ndoo. Na lile turubai la nailoni litupe, joto la mchana na unyevu wa usiku vyakaa humo humo ndani, afadhali makuti au mabati juu na pembeni upepo upite.

Kuhusu kupaka oili chafu chini ya gari, najua mafundi wengi waipenda maanake ni ya bure. Inazuia kutu kiasi, ndio, lakini yalainisha mpira wa bushi, yadondoka uani, na siku ukitaka kuchomelea ni moshi na moto. Lami nayo mie siipendi kabisa, ikikauka yapasuka, maji yaingia nyuma yake na kutu inakula kimya kimya huoni mpaka kipande kimedondoka. Kwaruza, msasa, praima ya zinki, rangi, basi. Kazi ya kuchosha, lakini bei yake waiweza kidogo kidogo, leo dungu hili mwezi ujao lile.

Injini sasa. Hapa ndo utaokoa pesa maanake karibu kila kitu waweza kufanya mwenyewe uani. Oili ni lita mbili na nusu tu, na Beetle haina filta ya karatasi, ina chujio la waya chini, kwa hivo uchafu mdogo wote wabaki ndani ya oili yenyewe, ndo maana kila kilomita 5,000 ibadilishwe bila kujadiliana. Joto letu hili 20W-50 ni sawa.

Na kila ukibadilisha oili, pima nafasi ya valvu. Hii msiwaachie watu. Lazima injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha, kwa hivo hapa kwetu fanya ukitoka swala ya alfajiri kabla jua halijapanda. Fungua kifuniko cha distributa, shika nati ya puli ya daynamo kwa spana ya 21 uizungushe mpaka rota, kile kinachozunguka ndani ya distributa, ielekee ile alama ndogo iliyokatwa ukingoni na alama ya puli kubwa ya chini ikae sawa na mstari wa maungio ya injini, hapo uko silinda ya kwanza. Ingia chini, sukuma ule waya unaoshika kifuniko cha valvu, weka sahani maanake kutadondoka oili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.15 mm, hiyo ni kwa injini nyingi za cc 1300 mpaka 1600, inatakiwa ipite kati ya skrubu na valvu ikivutwa vutwa kidogo, kama kuchomoa karatasi katikati ya kitabu. Ikikataa ama ikipita bure, legeza nati, zungusha skrubu, kaza nati, PIMA TENA kwa sababu ukikaza nati huwa yasogea. Kisha rudisha puli kubwa nyuma nusu mzunguko, kinyume na saa, uko silinda ya pili, hivo hivo tatu, nne. Kama valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu kila ukipima waikuta imebana, usizoee tu kuilegeza. Ile ya tatu ndo hupata joto zaidi, kwenye zile injini za zamani kipoza oili kimekaa mbele ya hewa yake, na valvu inayobana kila mara yaelekea kukatika kichwa. Ikikatika ikaangukia pistoni ndo hapo injini umeizika.

Feni belti nayo. Kwa gari nyengine belti ikikatika utasema nitafika nyumbani polepole. Kwa Beetle belti hiyo hiyo ndo yazungusha feni ya kupoza injini, taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani simama pale pale, zima, usiseme nifike Mariakani kwanza. Jirani yangu alisema hivo, sitamtaja, aliirudisha kwa breakdown. Weka belti ya akiba na spana ya 21 kwa buti, ambayo iko mbele, na ujifunze kuifunga ukiwa nyumbani kabla hujajifunza ukiwa gizani. Belti ikilegea watoa washa moja, vile viringi vyembamba vya chuma, katikati ya puli waiweka nje, hivo yakaza, lakini washa zote zibaki pale pale kwa puli, usitie mfukoni.

Moto, hili sicheki. Paipu za mpira za petroli kutoka pampu mpaka kabureta zipo juu ya injini yenye joto, zikizeeka zapasuka, petroli yamwagikia pale pale. Ukinunua gari, siku ya kwanza kabla ya redio kabla ya rimu, badilisha paipu zote na klipu zake, na ushike kile kichuma cha petroli kinachoingia kabureta uone kama kimelegea. Betri iwe na kifuniko cha mpira, springi za kiti mtu mnene akikaa zagusa chuma cha betri na kiti chashika moto. Na zima moto ndogo iwe karibu na dereva.

Breki sina mengi, mafuta ya breki hunyonya unyevu na huku unyevu ndio wetu, yabadilishe kila miaka miwili la sivo silinda za magurudumu zaganda kwa kutu. Kama hujawahi kufanya breki, lipa fundi, ukae umtazame.

Na fundi mwenyewe, spea nunua wewe, kuukuu uichukue mkononi, na kazi ifanyike ukiwepo. Spea hazijakwisha kama watu wanavyosema, Beetle ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla Mexico mwaka 2003 tu hapo, na vifaa bado vyatengenezwa. Usinunue kwa haraka gari ikiwa imekufa, hapo ndo utapigwa bei, nunua plagi, pointi, kondensa na gasketi za valvu wakati gari ni nzima. Piga picha nambari ya injini, iko kwa bloku chini ya stendi ya daynamo, kaa nayo kwa simu, maanake muuzaji yeyote anayejua kazi ataanza kwa kukuuliza hiyo.