Kikosi cha jana kimekwenda wapi? Maswali yenu kuhusu kikapu cha vyuo Marekani

Fainali ya kikapu cha vyuo ikiisha tu kule Marekani, simu yangu haipumziki. Mnauliza mengi, ila karibu yote yanazunguka jambo moja: wachezaji wanahama kama wapangaji. Leo nimechukua saba.

Shikamoo Kocha. Mimi ni shabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Nilikaa mwaka mzima bila kuangalia, niliporudi sikumtambua hata mtu mmoja. Nimepotea mimi au wamepotea wao? (Mwanza)

Marahaba. Ni wao. Aprili 2024 kocha wao John Calipari aliondoka baada ya miaka 15 akaenda chuo cha Arkansas. Reed Sheppard na Rob Dillingham wakaingia ligi ya kulipwa ya NBA, DJ Wagner na Adou Thiero wakamfuata kocha, wengine wakatawanyika. Mark Pope alipokabidhiwa timu, hakukuta hata mchezaji mmoja wa ufadhili, yaani anayelipiwa masomo na chuo, aliyebaki. Ikabidi asajili timu nzima: Lamont Butler kutoka San Diego State, Koby Brea kutoka Dayton, Amari Williams kutoka Drexel, Otega Oweh kutoka Oklahoma, na wenzao. Jezi ile ile, watu wengine kabisa. Na wageni hao wakafika 16 bora za mashindano ya taifa Machi 2025, hatua ambayo Kentucky haikuiona tangu 2019.

Hiyo "potali" ni nini hasa? Mchezaji anaomba ruhusa kwa kocha? (Nakuru)

Haombi. Potali ni daftari la kompyuta la wanaotaka kuhama, la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani; lilianza Oktoba 2018. Mchezaji akiandika kwamba anataka jina lake liingie, chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza, na kuanzia hapo makocha wengine wanaruhusiwa kumpigia. Zamani kocha aliweza kumzuia asizungumze na vyuo fulani, na akihama alikaa msimu mzima bila kucheza. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Mwaka 2024, baada ya NCAA kubanwa mahakamani, wakaruhusiwa kuhama mara yoyote, mradi masomo yao yako sawa.

Dirisha la 2025 lilifunguliwa Machi 24, mashindano ya taifa yakiwa bado yanaendelea. Yaani kocha alikuwa kwenye mtoano huku anatafuta timu ya mwaka unaofuata. Mimi hilo niliona wazimu.

Chuo kilichoachwa kinalipwa, kama klabu za soka? (Dar es Salaam)

Hapana, na hapo ndipo penye kidonda. Klabu yetu ndogo ikichukuliwa mchezaji mwenye mkataba na Simba au Yanga, angalau inabaki na fungu. Vyuo vingine vimeanza kuandika vipengele vya fidia kwenye mikataba, lakini ada ya uhamisho tunayoijua sisi haipo.

Chukua Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Machi 2022 waliingia mashindanoni wakiwa nafasi ya 15 kati ya timu 16 za kanda yao. Wakaipiga Kentucky 85-79 baada ya dakika za nyongeza, wakaipiga Murray State, wakaipiga Purdue, wakawa timu ya kwanza ya nafasi hiyo kufika nane bora. Marekani nzima ikawa yao kwa wiki mbili. Kisha kocha Shaheen Holloway akarudi Seton Hall, chuo alichokichezea ujanani, na KC Ndefo akamfuata. Doug Edert, yule mwenye masharubu, akaenda Bryant. Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, mapacha wa Drame wakaenda La Salle. Timu iliyowaangusha wakubwa ikabaki kwenye video, na kwa wachezaji hao chuo hakikulipwa ada ya uhamisho ya kununulia mipira.

Mzee, jambo. Huku kwetu tunajivunia Oscar Tshiebwe. Ni kweli kuhama ndiko kulikomtoa? Na pesa alizipata? (Lubumbashi)

Jambo sana. Kijana wenu alianzia West Virginia, akaondoka Januari 2021 katikati ya msimu, akaenda Kentucky. Msimu wake wa kwanza uwanjani, 2021–22, alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 15.1 kwa mchezo, akatangazwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Ribaundi 15 kila mchezo! Kuna timu za mitaani kwetu ambazo watu watano kwa pamoja hawazifikishi. Hata ule usiku wa Saint Peter's yeye alifunga 30 na kudaka 16. Kwa hiyo ndiyo, kuhama kulimfaa.

Pesa ni hadithi nyingine. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Ila Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo inabana sana kufanya kazi ndani ya Marekani. Wenzake wakipiga matangazo ya magari, yeye alikuwa anatazama. Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kwa michezo ya kirafiki, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, akafanya kazi zake za matangazo. Mwanasheria aliyelifikiria hilo anastahili soda.

Tangu suluhu ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika msimu wa 2025–26, kwa michezo yote ya chuo kwa pamoja. Kwa mgeni, kikwazo cha viza kiko pale pale.

Vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Hasheem Thabeet wetu alikaa chuo cha Connecticut (UConn) miaka mitatu hadi akachaguliwa wa pili NBA. (Temeke)

Kweli, 2006 hadi 2009, akachukuliwa na Memphis Grizzlies ya NBA. Lakini kaka, enzi zile kuhama kulikuwa na gharama ya mwaka mzima benchi. Nani angejaribu? Na mbona hatuwaulizi makocha? Calipari amefundisha vyuo vya Massachusetts, Memphis, Kentucky na Arkansas, na hajawahi kukaa msimu hata mmoja nje kama adhabu ya kuhama. Mchezaji alipopata haki hiyo hiyo, ghafla tukaanza kuhubiri uaminifu.

Ninachokubaliana nawe ni utamu uliopotea. Nilipenda kumwona kijana anaingia mwembamba, haongei, halafu mwaka wa nne ndiye anayewapanga wenzake. Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa 2019, aliacha kazi Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, akisema yeye si mtu wa mazingira haya. Nilimwelewa, ingawa sikumuunga mkono.

Timu ya kuokoteza inaweza kuwa bingwa? (Kampala)

Florida, 2025. Walter Clayton alitoka Iona, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard alitoka Belmont, na Mnigeria Rueben Chinyelu alitoka Washington State. Kwenye fainali waliifunga Houston 65-63.

Mwanangu ana miaka 18, kocha wa chuo kimoja Marekani anamtaka. Nikisikia haya ya kuhamahama naogopa. (Arusha)

Una haki ya kuogopa, mama. Ufadhili unatolewa na chuo. Kocha akiondoka, karatasi ya mwanao inabaki. Lakini mtoto akiingiza jina kwenye potali, chuo kinaweza kumkatia ufadhili muhula ukiisha, na mwaka 2025 waliojiingiza kwa wanaume peke yao walizidi 2,000. Si wote waliopata pa kwenda.

Kisha masomo. Mwisho wa mwaka wa pili awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa tatu 60, wa nne 80, la sivyo hachezi. Kila akihama, chuo kipya kinaweza kukataa baadhi ya kozi alizosoma. Na mgeni akihama lazima rekodi yake ya viza ihamishwe na apate fomu mpya ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni.

Kabla hajasaini, mwombe kocha akuandikie kwa barua pepe: ufadhili ni wa miaka mingapi, nani anatibu goti likiumia, na ni wangapi kati ya aliowasajili miaka miwili iliyopita bado wako naye. Akijibu kwa simu, mwambie unasubiri maandishi.