Massey 375, klachi na pampu ya haidroliki: nenda dukani na namba, si na jina la trekta

Mkuu uliyeuliza jana, nimeielewa hali yako. Umenunua Massey 375 ya mkononi, iko Boma Ng'ombe, klachi inateleza na lifti haibebi plau. Wakala wa Arusha amekutajia bei ya seti ya klachi na pampu ya haidroliki iliyokukosesha usingizi, duka moja Moshi likakutajia nusu yake, sasa unauliza nani kati yao anataka kukupiga. Inawezekana hakuna. Huenda kila mmoja anaongelea kitu chake, na wewe hukumtajia yeyote kati yao kitu kinachoeleweka.

Mimi nina Massey 290 inayolima kwa kukodi kuanzia Kisongo hadi Makuyuni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kama wewe. Naingia dukani nasema, "Naomba ringi za pistoni za Massey, hii kubwa." Kijana ananiuliza, "Ya Perkins, silinda nne?" Naitikia. Anashusha boksi, nalipa, narudi nyumbani nikijiona mjanja kwa sababu nimepunguziwa elfu ishirini.

Fundi wangu ni mzee mtaratibu. Hakuanza kuvalisha. Alichukua ringi moja akaiingiza ndani ya laina, yaani ule mkebe ambamo pistoni inapanda na kushuka, akaisukuma chini kidogo kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akaniita niangalie. Ringi mpya ikiwa ndani ya laina, miisho yake inatakiwa ikaribiane, upenyo usifike hata milimita moja. Pale kidole changu kidogo kilikuwa kinapita. Mzee akaniangalia, akasema tu, "Hizi za 236, kijana wangu. Injini yako ni 248."

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma majina ya Perkins, na nakupa bure. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, zinazofuata ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo. Kwa hiyo 3.152 ya Massey 135 ni silinda tatu, 4.236 ya kwako ni silinda nne, na 4.248 ya kwangu pia ni silinda nne. Kwa nje hizi mbili za mwisho ni mapacha, na stroku, yaani urefu wa mwendo wa pistoni, ni ileile. Ila pistoni ya 236 ina kipenyo cha milimita 98.4 na ya 248 ni milimita 101. Hizo milimita mbili na ushee zilinigharimu siku nne za kulima na nauli mbili, na duka lilikataa kurudisha pesa kwa sababu boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Ule msimu sitaki hata kuukumbuka.

Kwa hiyo kabla hujapanda Hiace kuja mjini, chukua brashi ya waya na tamba lenye dizeli, usafishe bloku mpaka namba ya injini ionekane. Anza upande ilipo pampu ya dizeli, usipoiona zunguka nyuma. Ikianza na LD, hiyo ni 4.236. Ikianza na herufi nyingine, usishtuke, trekta nyingi za mkononi zimeshabadilishwa injini njiani, na aliyekuuzia huenda naye hajui. Piga picha namba hiyo, piga picha na bamba la kiwandani la trekta lenyewe. Bila hizo picha mbili, bei yoyote unayotajiwa ni ya kubahatisha, na dukani hakuna anayebahatisha kwa hasara yake.

Faida ya pili ya kulijua jina la injini: Massey Ferguson waliinunua Perkins mwaka 1959, leo Perkins ni ya Caterpillar, na hiyo 4.236 imefungwa kwenye majenereta, fokolifti, kompresa hadi maboti. Maana yake spea za injini yako hazipo kwenye maduka ya trekta peke yake. Mimi gasketi ya silinda hedi na pampu ya maji nilizipata kwa muuza spea za jenereta, kwa bei ya chini kuliko pale niliposema "Massey". Ukitaja trekta, muuzaji anaona heka zako. Ukitaja namba, anaona namba.

Beringi nazo usinunue kwa wakala kabisa, labda iwe ya ajabu. Itoe, ifute, soma kilichoandikwa kwenye ukingo. 6206 ni 6206 hata kama imetoka kwenye mashine ya kusaga: tundu milimita 30, nje 62, unene 16. Kuna kanuni rahisi ya kuikagua, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, zidishe kwa tano upate kipenyo cha tundu (06 ni 30, 07 ni 35). Nenda duka la beringi na ile chakavu mfukoni. Sili za oili ni hivyo hivyo, vipimo vimeandikwa juu yake. Pini na bushi za ekseli ya mbele, kama zimelika tu, kachonge kwa mafundi wa Unga Limited hapa Arusha, watakupimia papo hapo.

Klachi sasa. Hii ndiyo naona chanzo cha tofauti ya bei zako. Klachi za Massey zipo za disiki moja na za disiki mbili, moja ya kutembea na nyingine ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa. Zinatofautiana kipenyo, zinatofautiana idadi ya meno ya katikati, na nyingine hazina "lining" ya kawaida bali vipande vya shaba. Ukisema "seti ya klachi", wakala anaweza kukupigia hesabu ya preshapleti nzima (sahani inayobana disiki) na disiki zote mbili, wakati mwenzake wa Moshi amekupigia disiki moja tu. Ukisikia nusu bei unamwona wakala mwizi. Ifungue kwanza, ipime kwa futi, hesabu meno, ndipo uulize.

Na pampu ya haidroliki nakuomba usiinunue bado. Kwenye Massey hizi inakaa ndani ya oili, chini ya kiti, na mara nyingi inasingiziwa. Anza na oili: ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Safisha chujio. Halafu fungua kifuniko cha ukaguzi cha pembeni, mwambie mtu apandishe plau taratibu, wewe mulika ndani kwa tochi, mikono iwe mbali. Ukiona oili inaruka kama mvua kwenye lile bomba la kupandishia au kwenye silinda ya lifti, tatizo lako ni oringi (kile kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja) au ringi ya pistoni ya lifti, vitu vya bei ndogo ukilinganisha na pampu. Ya kwangu ilikuwa oringi. Fundi niliyekuwa naye siku ile alishaniandikia pampu mpya kwenye karatasi, na kando yake pesa ya ufundi.

Tukigusa hapo, tuongelee cha juu. Fundi ukimtuma spea peke yake, ataweka cha juu, hata awe mtu wa kanisani. Nilimkamata mmoja kwa kupiga simu dukani kabla hajafika: disiki niliyotajiwa laki mbili yeye alirudi nayo kwa laki mbili na sabini. Sikumfukuza, kazi yake ni nzuri. Nilimwongezea pesa ya ufundi, nikamwambia kuanzia leo spea nanunua mwenyewe na wewe unakuja kukagua, nauli na chakula juu yangu. Tumeelewana mpaka leo. Fundi asiyekubali kwenda na wewe dukani, hapo jiulize.

Kuhusu orijino na feki, kuna kundi la tatu ambalo watu wengi wanalichanganya. Millat wa Pakistan na TAFE wa India wametengeneza Massey kwa leseni miaka mingi, na spea nyingi nzuri tunazotumia huku zinatoka huko. Hizo si feki. Feki ni ile inayobeba nembo isiyo yake. Niliwahi kukata filta mbili za oili kwa msumeno wa chuma, moja ya wakala na moja ya mtaani, zote zimeandikwa jina lilelile. Ya wakala karatasi imekunjwa imebanana. Ya pili mikunjo unaihesabu ukiwa umesimama, na gundi imeachia upande mmoja, kwa hiyo oili ilikuwa inapita pembeni bila kuchujwa. Tangu siku hiyo filta, sili za pampu ya dizeli na kila kinachogusa mzunguko wa oili nanunua kwa wakala bila kulalamika.

Na kwa wakala bei inajadilika, usiogope kaunta ya vioo. Omba profoma, yaani karatasi ya bei kabla hujalipa, yenye namba ya spea kwenye kila mstari. Namba hiyo ukiipeleka kwenye maduka mengine mawili, sasa unalinganisha kitu kimoja. AGCO, wenye Massey, wana vitabu vya spea mtandaoni vinavyofunguka hata kwenye simu, kwa hiyo namba unaweza kuihakiki mwenyewe. Kumbuka namba ya zamani huwa inabadilishwa na mpya, usidhani umedanganywa. Muulize kama bei ni ya mzigo ulio stoo au wa kuagiza, na kama ni wa kuagiza, unakuja kwa ndege au meli. Mimi niliwahi kusubiri meli kwa kitu kisicho cha haraka, bei ikashuka vizuri. Peleka orodha ya msimu mzima badala ya kitu kimoja kimoja, uliza kama wana bei ya magereji. Sisi watatu hapa Kisongo tunachangia katoni ya filta.

Ukiambiwa "bila risiti nakupunguzia", kataa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo mdomo wako siku spea ikikataa kuvaa. Nairobi kupitia Namanga nimeenda mara mbili, chaguo ni kubwa kweli, ila jumlisha kodi ya mpakani na siku unayopoteza, na ikikosea kipimo huirudishi.

Nunua mapema. Masika ikishapiga na wateja wanapanga foleni shambani, huna nguvu ya kubishana na mtu yeyote kaunta. Januari muuzaji anakukaribisha kiti.

Weka hapa picha ya namba ya injini na ile profoma uliyopewa, ufiche jina la duka. Na uniambie oili ya haidroliki ina rangi gani.