Ile taa nyekundu niliyomwekea binti yangu machoni

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mama mmoja anayesoma makala zangu. "Dada, mwanangu ana miaka minane. Kila nikimrudisha kupimwa macho, namba ya miwani imepanda. Nimeona kuna taa nyekundu, mtoto anaitazama dakika tatu asubuhi na dakika tatu jioni, wanasema inazuia macho yasiendelee kuharibika. Niagize?"

Nilimjibu maneno mawili: usiagize bado. Nikamwahidi kwamba sababu nitaziandika hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwa kuwa ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka mitatu iliyopita.

Binti yangu alianza kuvaa miwani akiwa na miaka saba, hasi 1.25, yaani ya mtoto asiyeona vizuri vitu vya mbali. Sikushtuka. Mimi navaa miwani tangu utotoni, baba yake vilevile. Mwaka uliofuata ikawa hasi 2.25. Mwaka wa tatu, hasi 3.50, na siku hiyo ndipo mpimaji aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kuelezwa kwa miaka yote niliyovaa miwani. Namba inapanda kwa sababu jicho linarefuka. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17, la mtu mzima kama 23 au 24, na likishafika huko linatakiwa litulie. La mtoto asiyeona mbali linaendelea kurefuka kwenda nyuma, picha inaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kila milimita moja iliyozidi inakuja na dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) mbili na nusu hadi tatu. Miwani inairudisha picha mahali pake. Urefu wa jicho unabaki vilevile.

Halafu akaniambia kuhusu wale wanaofika hasi sita na kuendelea: retina yao imevutika, na hatari ya kubanduka kwa retina, ya glakoma, yaani presha ya macho, na ya kuharibika ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea inakuwa kubwa kuliko kwa watu wengine. Nilipiga hesabu palepale kwenye kiti. Dayopta moja na zaidi kwa mwaka, na mtoto ana miaka tisa.

Usiku ule sikulala. Nilisoma mpaka alfajiri, na nikakutana na utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2022. Watoto 264 wa miaka 8 hadi 13. Baadhi yao walivaa miwani ya kawaida tu, wengine walivaa miwani na kutazama mwanga mwekundu wa nanomita 650, dakika tatu kila kipindi, mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kukiwa na angalau saa nne kati ya kipindi na kipindi. Baada ya mwaka mmoja macho ya waliotumia mwanga yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.13. Ya wenzao, milimita 0.38.

Nataka nieleweke. Nilichokisoma kilikuwa kweli, na hakijageuka kuwa uongo hadi leo. Ule mwanga unapunguza kasi ya jicho kurefuka, na tafiti nyingine zilizofuata zimeonyesha hivyohivyo. Wanaosema ni utapeli mtupu wanakosea. Kosa langu lilikuwa kwingine kabisa: wale watoto 264 walikuwa wanapimwa na madaktari tangu kabla ya siku ya kwanza, na wangu nilimpima kwa macho yangu ya mzazi mwenye hofu.

Taa niliiagiza mwenyewe. Sikumuuliza daktari kwa sababu niliogopa angesema hapana. Ilipofika nilimweka binti yangu kwenye meza, nikamwambia aegemeze uso, atazame ndani, asipepese ovyo. Niliweka kengele kwenye simu, asubuhi na jioni. Sikukosa hata kipindi kimoja. Niliwaambia ndugu, niliwaambia wazazi wenzangu, na wawili kati yao nusura waagize kwa sababu yangu. Nikiwaza hilo hadi leo najisikia vibaya.

Wiki ya saba, tuko kwenye kifungua kinywa, nikamwona anakodolea ukuta mweupe. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Lile duara, Mama. Bado lipo."

Ukitazama mwanga mkali, kivuli chake kubaki machoni kwa muda mfupi ni kawaida. Lakini tulikuwa tumemaliza kipindi muda mrefu, nilikuwa nimeshapika chai na kukaanga mayai. Nikamuuliza hilo duara huwa linakaa kiasi gani. Akasema zamani lilikuwa linaondoka upesi, siku hizi linachelewa, wakati mwingine anapanda gari la shule akiwa bado analiona. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akanijibu kwamba aliona jinsi nilivyoifurahia ile taa, hakutaka nihuzunike.

Nimeandika sentensi hiyo na imebidi niinuke kidogo kabla ya kuendelea.

Kwa daktari wa macho tulifika siku ileile. Hakunigombeza, na pengine ningependa anigombeze. Aliuliza maswali mawili tu. Picha ya retina iliyopigwa kabla hamjaanza iko wapi? Na urefu wa jicho kabla hamjaanza ulikuwa ngapi? Sikuwa na la kujibu. Picha za siku ile hazikuonyesha kidonda, na kwa miwani mtoto alisoma mpaka mstari wa mwisho. Lile duara liliacha kumsumbua baada ya wiki chache bila taa. Lakini kama kuna kitu kilibadilika ndani ya zile wiki saba, mimi sitakijua kamwe, kwa sababu hakuna picha ya kulinganisha nayo. Hicho ndicho kinachoniuma.

Baadaye ndipo nilipoisoma habari ambayo ningeitafuta kwa bidii ileile niliyoutafutia ule utafiti wa kufurahisha. Mwaka 2023 madaktari wa China walichapisha kisa cha msichana wa miaka 12 aliyetumia taa ya namna hii kwa miezi mitano, retina zake zote mbili zikaumia katikati. Alipoacha, zilipona kwa kiasi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, walipima nguvu ya mwanga wa vifaa vya aina hii, ambavyo ni leza, na wakaona kwamba zile dakika tatu zinakaribia au kuvuka kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa retina. Na China yenyewe, ambako matibabu haya yalianzia, ilivihamishia vifaa hivi kwenye daraja la tatu la vifaa vya tiba, daraja la hatari ya juu kabisa, na kuamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2024 visitengenezwe wala kuuzwa bila kusajiliwa upya kwa daraja hilo. Kuna na jambo la nne ambalo wauzaji hawalitaji: ukiiacha taa ghafla, jicho linaweza kurefuka kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Kwetu ilikuwa hivyo. Miezi sita baada ya kuacha, jicho la kulia lilikuwa limeongezeka milimita 0.22. Inawezekana lingeongezeka hivyo hata bila taa. Namba ya kabla, nimeshasema, sina.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, pima kwanza. Urefu wa jicho, kwa mashine, ukaandikiwe kwenye karatasi kwa milimita. Namba ya miwani, baada ya mtoto kuwekewa matone ya kutuliza misuli ya jicho, maana bila matone mtoto anaweza kujikaza na namba ikatoka kubwa kuliko ilivyo. Pima kabla ya tiba yoyote, pima tena baada ya miezi sita, weka karatasi pamoja. Asiyekuwa na namba ya mwanzo hana namna ya kujua kama anatibu au anaharibu.

Na jua. Hapa najua wengine mtachoka kunisikia, lakini nitasema. Ndani ya chumba chenye taa nzuri mwanga ni laksi (kipimo cha mwanga) mia kadhaa. Nje mchana ni laksi 10,000 na kupita, jua likiwa kali unafika 100,000, na hata chini ya mti ni maelfu. Watafiti wanadhani mwanga huo mwingi unaifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini inalizuia jicho lisirefuke ovyo. Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na kwenye shule ambazo hazikuongeza kitu walikuwa asilimia 39.5. Taiwan wanawahimiza watoto wawe nje dakika 120 kwa siku. Mtoto hatakiwi kulitazama jua, kofia avae, kivulini akae akitaka. Anachotakiwa ni kuwa nje.

Mimi nilifanya kinyume. Binti yangu alipokuwa na miaka sita nilimwondoa kwenye michezo ya jioni nikampeleka masomo ya ziada, kwa sababu nilitaka awe wa kwanza darasani. Akawa wa kwanza. Saa zote za mwanga alikuwa ndani, pua kwenye kitabu. Halafu jicho lilipoharibika nikaenda kutafuta mwanga wa kununua. Wazazi, tuacheni. Najua unataka mwanao afike mbali, na mimi nataka wangu afike, lakini daftari linaweza kusubiri saa mbili na jua haliwezi.

Ni kweli kwamba kukaa nje kunasaidia zaidi kwa mtoto ambaye tatizo halijaanza. Aliyekwisha kuanza kama wangu anahitaji na kitu kingine. Sisi tulipewa miwani ya lenzi maalumu, zenye vidoa vidogo vingi kuzunguka katikati iliyo safi. Aina ya kwanza ya namna hiyo ilijaribiwa Hong Kong, na kwa miaka miwili ilipunguza kasi kwa karibu nusu. Baadaye daktari akaongeza matone ya atropini ya kiwango kidogo kila usiku. Kuna pia lenzi za kuvaa juu ya jicho za kazi hiyo. Daktari ndiye wa kuchagua.

Na sasa nisemee furaha yangu, kwa kuwa machozi nimeshayasema. Mwezi huu tulirudi kupimwa. Miezi kumi na miwili, jicho la kulia limeongezeka milimita 0.11, la kushoto 0.10. Miwani haikubadilishwa. Mara ya kwanza tangu ana miaka saba! Daktari aliniandikia namba zile nikaenda nazo kwenye gari nikazisoma tena na tena, binti yangu akanicheka.

Mama uliyeniandikia: kama daktari wa macho anayemjua mwanao, mahali ambapo taa hiyo imeruhusiwa kutumika, atakuambia uitumie, msikilize, ila mwombe picha ya retina kabla ya siku ya kwanza na tarehe ya picha ya pili. Kila siku muulize mtoto duara limekaa kwa muda gani, usimuulize ukiwa umeshika kengele ya kipindi kinachofuata, na mwambie kwamba jibu lolote halitakuhuzunisha. Kama ni mtu mwingine tu anakuuzia, pesa hiyo ipeleke kwenye kipimo cha urefu wa jicho. Ukishapata milimita zake, niandikie tena, tuanzie hapo.