Ndege ya balsa haibebwi na mota kubwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi, Mwanza. Mjomba aliniletea kutoka Uingereza boksi la ndege ya balsa (mbao nyepesi sana), ile inayorushwa kwa mpira wa kusokota. Mabawa yana urefu wa sentimita 70, upana 10. Nataka niirushe kwa rimoti. Fundi wa simu hapa mjini ananishauri nifunge mota ya droni na betri mbili za laptop, eti nguvu ikizidi uzito hausumbui. Kiunzi nimeshakiunda, karatasi ya kukifunika bado. Nimfuate?

JIBU: Marahaba. Usimfuate. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya karatasi, maana kazi yote hii hufanyika kiunzi kikiwa wazi.

Hiyo kauli ya "nguvu ikizidi" naisikia kila mahali, na imevunja ndege za vijana kuliko upepo wa ziwa. Mota inavuta tu. Kinachoibeba ndege ni bawa, na bawa lako halitaongezeka hata ukifunga mota ya pikipiki. Uzito ukiwa maradufu, mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani unapanda kwa asilimia 41 hivi, na utatua kwa mwendo huohuo. Mwanza pia iko juu: ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 10. Gramu ya ziada inatuumiza zaidi.

Piga hesabu. Kiunzi chenye karatasi tuseme gramu 60. Mota ndogo isiyo na brashi 12, kidhibiti mwendo chake 6, risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) 4, sevo mbili (vimota vya kusukuma usukani) 9, propela na nyaya 6, betri ya lipo (lithiamu nyepesi) ya seli mbili, yenye ujazo wa mAh 300, gramu 20. Jumla 117, na bawa lako linazibeba bila taabu. Sasa seli moja ya laptop ina gramu 45 hivi. Mbili ni 90, yaani zaidi ya vifaa vyote nilivyotaja! Kila kitu kipime kwenye mizani ya sonara kabla hujakigandisha.

Sevo zikae chini ya bawa, si mkiani. Pua ya ndege hizi ni fupi, hivyo gramu moja ya mkiani inaweza kudai gramu tatu puani. Zisukume mkia kwa vijiti vyembamba vya mwanzi. Pale mkiani kata usukani wa wima na kibao cha mlalo cha kuinua na kushusha pua, uvirudishe kwa bawaba za utepe mwepesi. Ncha za mabawa kama zimeinuka, usukani peke yake unatosha kukata kona. Mwisho ishike kwa vidole viwili chini ya mabawa, sentimita 2.5 hadi 3.3 kutoka ukingo wa mbele, betri ikiwa ndani. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele. Usibandike misumari puani kama wanavyofundishana.

Wanaouza "seti kamili" bila kuuliza bawa lako lina ukubwa gani, waogope. Haohao ndio wanaochaji lipo kwa chaja ya simu. Seli ya lipo haipaswi kuvuka volti 4.2, ikizidishwa huvimba na kuwaka, na nyumba yenye balsa na gundi haihitaji cheche ya pili. Nunua chaja yake, chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji.

Na ndege nzito yenye mota kubwa haianguki kama karatasi. Inashuka na propela inayozunguka, na viwanja vyetu vina watoto kila saa. Rusha asubuhi na mapema kabla upepo wa ziwani haujaamka, mbali na watu na mbali kabisa na uwanja wa ndege kule Ilemela. Kabla ya hapo waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu kibali.