Jibu: Maingizo yanapotea orodha ikisasishwa kupitia Netlink

Habari ndugu. Umeeleza kuwa programu mbili zikisasisha orodha ileile kupitia Netlink (njia ya programu kutumiana ujumbe na keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux), maingizo ya mojawapo hupotea. Kagua kwanza kama amri yako hubadilisha orodha nzima, maana kila programu husoma, huhariri nakala yake, kisha huiandika juu ya kazi ya mwenzake. Hilo lilinisumbua sana hadi nilipotenga amri ya kuongeza na ya kufuta, kila moja ikibeba ingizo moja tu. Ukiibakiza ile ya kubadilisha yote, angalia orodha tupu: sifa (kipande cha data ndani ya ujumbe, hapa kimoja kwa kila ingizo) iliyorudiwa mara sifuri haitofautiani na sifa ambayo haikutumwa, hivyo keneli haijui ifute au iache. Kuyafunga maingizo ndani ya sifa moja kubwa huondoa utata huo, ila uga wa urefu wake una biti 16 tu, hivyo orodha ndefu sana haitaenea humo.