Kulungu bandia: mambo ya kujua kabla hujampeleka shambani

Kila ikikaribia Oktoba, wadogo zetu wanaoanza kuwinda kwa upinde hapa Minnesota huuliza swali lile lile: ninunue kulungu bandia, ile sanamu ya kumvuta kulungu hai karibu, wa aina gani? Swali si baya, ila limekuja mapema. Kwanza jiulize unawinda mahali pa namna gani, mwezi gani, na nani mwingine yumo humo porini. Ukishajijibu, utajua kama sanamu hiyo itakufaa au itakuwa mzigo wa kukuumiza bega tu.

Tuanze na mahali. Kulungu mkia-mweupe, ambaye ndiye tunayemwinda huku, huamini pua yake kuliko kitu kingine chochote, halafu masikio, halafu macho. Sanamu hudanganya macho peke yake. Kwa hiyo lazima ionekane kutoka mbali: shamba la soya au mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ukingo wa malisho, uwazi wenye nyasi fupi. Dume akiiona kutoka yadi 150 hupata nafasi ya kusimama, kupima, na kukasirika taratibu. Akikutana nayo ghafla ndani ya kichaka, hatua chache mbele ya pua yake, mara nyingi hugeuka na kutokomea. Anayewinda kwenye msitu mnene abaki na filimbi ya kukoroma, ile inayoiga sauti ya kulungu dume, aache sanamu dukani.

Kuhusu wakati, Septemba msimu wa upinde unapofunguliwa madume bado wanatembea pamoja kwa amani, na sanamu haiwashughulishi sana. Kazi yake huanza wiki ya mwisho ya Oktoba, wanapoanza kusaka majike na kutovumiliana. Hapa Minnesota muda huo ni mfupi kweli, maana msimu wa bunduki hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, na siku hiyo sanamu haitoki nyumbani. Jirani zetu wa Iowa wamepata bahati, kwani misimu yao mikuu ya shotigani iko Desemba, hivyo wapiga upinde wana Novemba karibu yote kwa raha zao.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo la sanamu kutotoka nyumbani, kwa sababu wapo wanaolichukulia kama woga wa wazee. Umebeba mgongoni kitu kilichotengenezwa kwa ustadi ili kifanane na kulungu, alfajiri kuna giza nusu, na huko porini kuna watu wenye bunduki ambao wamekuwa wakimwota kulungu mwaka mzima. Hata kwenye msimu wa upinde, funika sanamu yote kwa kitambaa cha rangi ya chungwa kali unapoibeba, na wewe mwenyewe vaa kizibao na kofia za rangi hiyo. Tangu 2017 Minnesota inakubali pia waridi kali. Usihofie kuonwa na mnyama: kulungu haitambui rangi ya chungwa kama sisi, kinachomshtua ni mwendo na harufu. Pembe na miguu ya sanamu vipachikwe ukishafika. Kwenye ardhi ya umma, ambako hujui aliyekaa mti wa pili, mimi siitumii kabisa. Na popote ulipo, isionekane kutoka barabarani. Askari wa wanyamapori katika majimbo mengi huweka kulungu bandia kando ya njia kuwanasa wanaopiga risasi wakiwa ndani ya magari, na ukweli kwamba mtego huo hunasa watu unakuonyesha kitakachoipata sanamu yako.

Sheria nazo zisomwe kila mwaka, kwa sababu hubadilika. Minnesota, aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya kuwinda. Kuweka chakula ili kumvuta kulungu ni kosa hapa, ilhali sanamu si chakula. Lakini usichukulie kwamba kila jimbo liko hivyo. Yapo yanayokataza vifaa vinavyotumia betri, na yapo, Virginia ikiwemo, yaliyopiga marufuku kutumia mkojo halisi wa kulungu kama chambo cha harufu kwa hofu ya ugonjwa wa kukonda, ule ulioonekana kwanza kwa wanyama waliofungwa huko Colorado mwaka 1967 na hadi leo hauna dawa. Ukivuka mpaka kwenda kuwinda kwa binamu yako, soma kijitabu cha huko upya.

Sasa ununuzi. Kuna sanamu za bapa za kitambaa kilichochapwa picha ya kulungu, hukunjwa zikaingia kwenye begi la mgongoni. Ni nyepesi na bei yake inavumilika, ila kulungu akiitazama kwa ubavu huona mnyama, akisogea hatua kadhaa huona ukanda mwembamba. Kuna za plastiki ngumu zenye umbo kamili, ambazo miguu, kichwa na pembe huingia tumboni wakati wa kubeba. Hizi hushawishi kutoka kila upande, lakini hugongana na kupiga kelele njia nzima na huchosha. Kuna pia za kujaza upepo. Upepo ukivuma hutikisika vibaya, na mwiba mmoja unazimaliza. Anayeegesha gari jirani na shamba anunue ya plastiki. Anayetembea nusu maili gizani anunue ya bapa, kwa sababu najua ile nzito ataibeba mara moja tu kisha ilale gereji hadi aiuze. Wengine hutumia sanamu ya povu ya kufanyia mazoezi ya kulenga. Kwa umbo inafaa, kwa uzito ni adhabu.

Kati ya dume na jike, mimi huchagua dume. Sanamu ya jike huvuta majike wenzake, nao ni wadadisi kupita kiasi: watakuja, watanyoosha shingo, watapiga kwato chini, watapuliza pua, na shamba zima litajua kuna jambo. Dume bandia huwafanya majike wakae mbali. Pembe zake ziwe za wastani. Ukiweka pembe kubwa za kujionyesha, madume wengi, hata wakubwa, wataamua kwamba ugomvi huo hauna faida kwao. Baadhi ya wawindaji huondoa pembe ya upande mmoja ili sanamu ionekane imetoka kushindwa, na hiyo humtia mpinzani moyo. Ikaze kwa vigingi hadi isitikisike, maana dume akiamua kupiga hupiga kweli.

Upepo ndio unaotenganisha wanaofanikiwa na wanaolalamika kwamba sanamu hazifanyi kazi. Dume haendi moja kwa moja kwa mgeni. Huzunguka kwanza kwenye upande ule ambao upepo unapeleka harufu ya mgeni, anuse, ndipo akaribie. Ukijua hivyo, umeshajua atapita wapi. Weka sanamu upande upepo unakotoka, yadi 20 hivi kutoka kwenye dungu lako. Akizunguka ili ainuse, atapita katikati yako na sanamu, ndani ya uwezo wa upinde. Tatizo ni yule anayezunguka kwa mbali, akapita nyuma yako na kukunusa wewe badala ya sanamu. Huyo anazuiwa na ardhi yenyewe: chagua mti wenye kijito, korongo au uzio mrefu nyuma yake, asiweze kupanua mzunguko wake. Upepo ukibadilika katikati ya asubuhi, shuka uondoke. Kung'ang'ania hapo ni kuwafundisha kulungu wa shamba hilo kwamba sanamu ina harufu ya binadamu.

Kisha mwelekeo. Dume hulikabili dume lenzake uso kwa uso, lakini likimwendea jike hupitia nyuma yake. Kwa hiyo sanamu ya dume kichwa chake kielekee upande wako, kwa mshazari, isikutazame moja kwa moja. Dume hai atakayekuja kusimama mbele yake atakuwa amekupa mgongo kwa mshazari, mbavu ziko wazi na macho yake yako kwingine. Sanamu ya jike igeuzwe kinyume, mkia uwe upande wako. Usivute upinde anapokuja. Ngoja alaze masikio, manyoya yasimame, aanze kutembea kwa miguu iliyokakamaa kama mtu anayetafuta ugomvi sokoni. Akifikia hali hiyo, hakuna kingine anachokiona. Kwa wenzangu Waislamu, bismillahi isemwe mshale unapoachiliwa, kwa hiyo izoeeni tangu kwenye mazoezi ili isisahaulike moyo unapodunda.

Harufu haihitaji maneno mengi: shika sanamu kwa glavu za mpira, vaa gambuti, na usiihifadhi karibu na petroli au jiko la nyama choma. Mwendo kidogo husaidia. Kipande cha kitambaa cheupe kilichofungwa mkiani, kikitikiswa na upepo mwepesi, kinatosha, na hakina betri ya kukugombanisha na sheria. Filimbi ya kukoroma ipulize pale tu dume yuko mbali na hajaiona sanamu. Akishaiona, nyamaza.

Jambo la mwisho wengi hawalifikirii hadi limewakuta. Jioni imeingia, muda halali wa kupiga umekwisha nusu saa baada ya jua kuzama, na shambani kuna kulungu sita wanakula kandokando ya sanamu yako. Ukishuka wakuone ukiibeba, hawatadanganyika tena mwaka huo. Kaa juu, mkanda wa usalama ukiwa umefungwa bado, na mwandikie ujumbe mwenzako au mwenye shamba apite na gari polepole. Kulungu wa mashambani wameshazoea magari, wataondoka bila fujo. Wakishaingia msituni, washa taa ya kichwani, shuka, tandaza kile kitambaa cha chungwa juu ya sanamu kwanza, ndipo uanze kung'oa vigingi.